Kikopo cha Chumvi cha Fundi Sufuria

Jumatatu, 4 Machi

Kwako mama watoto,

Salamu nyingi, na zikibaki uwagawie wale wanaojua kuniheshimu. Mimi ni mzima, kifua chuma, magoti yananung'unika kidogo lakini nimeyakataza. Goti lako la kushoto linasemaje? Na kikohozi cha mjukuu?

Nimefika. Mpakani yule bwana wa mihuri aliniuliza, "Mzee, unakwenda kufanya nini huko?" Nikamwambia, "Kikazi." Akanitazama juu mpaka chini. Nikafungua mfuko, nikatoa sufuria ya mfano, nikaigonga kwa kidole ikalia ngeee mpaka foleni nzima ikageuka. Akanipigia muhuri bila neno la pili.

Barua hii naandika mwenyewe, kwa mkono huu huu. Simu aliyonipa mkwe wetu nimeizima, maana simu inamkatiza mtu mzima maneno. Dereva Domo atakuletea, lori lake linakwenda na kurudi kila wiki.

Sasa sikiliza. Mama Majiko, yule mwenye majiko sita ya kulisha mashule na maharusi, ni kweli anataka sufuria kubwa mia tatu na mifuniko yake. Wiki hii ana shughuli. Ameniita Alhamisi ya wiki ijayo, tule kwanza, kazi tuzungumze baadaye, eti ndivyo anavyofanya biashara. Mimi nilitaka tuongee sufuria tu. Kula nimejitegemea. Unajua nimebeba unga wangu, dagaa wangu na kikopo changu cha chumvi. Chakula cha watu sijakigusa na sina haja nacho. Jana niliwasha jiko langu la mafuta ya taa chumbani, karibu na dirisha, mwenye nyumba ya wageni akaja mbio na ndoo ya maji. Nikamwambia, "Weka ndoo chini, mama. Hapa hakuna moto, kuna fundi anapika." Ugali ulitoka na mabonge. Mabonge yanashibisha.

Yule mwosha magari anayekuja kupima uwanja wa karakana yetu kwa hatua, mwambie akapime kwao. Nikirudi na kazi hii tanuru halipoi. Nisiporudi nayo... lakini lini mimi nimekwenda mahali nikarudi mikono mitupu?

Mumeo,
Baba watoto, Fundi Mkuu


Ijumaa, 8 Machi

Baba watoto,

Habari za ugenini? Sisi hatujambo. Goti langu limeamka vizuri. Mjukuu amepona, sasa anakohoa makusudi apewe asali.

Mwosha magari alikuja tena, safari hii na mpira wa maji. Mkwe akamuuliza, "Na hilo joka lako unalipeleka wapi?" Akajibu kwamba anajaribu tu kama bomba letu lina nguvu. Mafundi wakatazamana. Kila asubuhi mmoja wao anapita jikoni, "Mama, mzee kaandika?" Sokoni sufuria za kiwandani zinashushwa kila siku, nyepesi kama karatasi, na watu wanazigombania. Hii kazi ya Mama Majiko ndiyo pekee tuliyobaki nayo. Tukiikosa, mwosha magari atapewa uwanja na wale mafundi watakwenda kutafuta kwingine. Wewe unajua, ila hupendi kuandikiwa.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Ukikaribishwa, kula. Kula kama mgeni, usile kama mkaguzi. Na huo unga wa mabonge mpe mwenye nyumba alishe kuku.

Mwanao wa mwisho anasema ukionja kitu kipya utuandikie kinafanana na nini.

Mkeo,
Mama watoto


Ijumaa, 15 Machi

Kwako mama watoto,

Wewe mzima? Goti zima? Mimi ni mzima isipokuwa ulimi, na nitakueleza.

Jana nilivaa lile koti la harusi ya binti. Mama Majiko akanitembeza jikoni kwake. Nikagonga sufuria zake moja moja na kumwambia ugonjwa wa kila moja: hii kitako kimeliwa na moto, hii imemiminwa na mtu mwenye haraka, hii si sufuria, hii ni kofia. Wapishi walicheka mpaka wakashikana. Mambo yakawa mazuri.

Tukakaa mezani. Samaki mzima, mchuzi mzito wa rangi ya tofali, majani yaliyotwangwa, na kitu cheupe cha duara kinachoteleza ambacho sikuuliza jina lake. Fundi haulizi hovyo. Nikatoa kikopo changu, nikanyunyiza kama kawaida, pande zote, kama mtu anayepanda mtama. Nikala.

Mama watoto! Hawa watu wanapikia maji ya bahari! Chumvi, chumvi, chumvi! Ulimi ulijikunja. Nikasema kwa upole, kwa ile sauti yangu ya upole, "Mama, mpishi wako ana mkono mzito." Mama Majiko akaitazama sahani yangu, akaichukua, akainuka nayo. Nadhani alikwenda kuniongezea samaki. Hakurudi. Nikasubiri. Akaja msichana wa kufuta meza, akafuta mpaka chini ya viwiko vyangu. Mwishowe Domo, ambaye ndiye aliyenipeleka, akanishika mkono, "Mzee, twende zetu." Karatasi za kazi, zilizowekwa mezani tangu mwanzo, zilikuwa pale pale kando ya jagi, hazijaguswa.

Wenye biashara kubwa ndivyo walivyo, wana mambo mengi kichwani. Ataniita. Mwambie mwanangu chakula cha huku kinafanana na kulamba lile jiwe la chumvi la ng'ombe.

Mumeo,
Baba watoto


Jumatatu, 18 Machi

Mume wangu,

U mzima? Sisi wazima, ila mbavu zinatuuma, na sababu yake ni wewe.

Domo alifika, hata kukaa hakukaa, akaanza kusimulia huku amesimama. Mama Majiko hakwenda kukuongezea samaki, baba watoto. Alikwenda kuimwaga ile sahani. Akamwambia Domo, "Mtu anayekirekebisha chakula ambacho hajakionja, kesho atanitengenezea sufuria ambazo sijaziagiza. Mrudishe kwao."

Sasa kaa. Umekaa? Hata kitandani panatosha.

Chakula cha Mama Majiko kilikuwa na chumvi ya watu, ya kiasi. Ile nyingine ulitia wewe. Najua utasema, mbona nyumbani natia na kinakuwa sawasawa? Kwa sababu nyumbani, mume wangu, sahani yako haina chumvi. Tulipooana ulikuwa unamwagia chakula changu chumvi kabla hujakionja. Mwaka wa kwanza nilikwenda kulia kwa dada yangu. Mwaka wa pili nikasema, huyu nitabishana naye mpaka lini? Nikaanza kukupakulia wewe kwanza, halafu ndipo natia chumvi kwenye sufuria, tunakula sisi wengine. Tangu hapo umekuwa ukijisifu kwamba bila mkono wako chakula cha nyumba hii hakiliki. Na ukirudi kwenye harusi za watu unalalamika kwamba wapishi wa siku hizi wameharibika. Sasa umejua.

Watoto wanajua. Mkwe anajua. Mafundi wanaokula hapa mchana wanajua. Mjukuu alijua hili kabla hajajua kuhesabu.

Usikasirike. Au kasirika, lakini ukiwa njiani kurudi kwa Mama Majiko. Kikopo kiache chumbani. Maneno ya kuomba radhi najua huna, basi onja tu kwanza, akuone. Mikono ikikushinda, ikalie.

Mkeo anayekucheka na kukungoja,
Mama watoto


Jumatatu, 25 Machi

Baba watoto,

Je, u salama? Lori limekuja halina barua. Namuuliza Domo, anacheka tu, "Mama, mzee kanikataza. Kasema ataandika mwenyewe."

Umenuna? Nilikuambia yale kwa sababu nilitaka kazi ipatikane, na kwa sababu nilichoka kuyabeba peke yangu. Mafundi wameshaifagia karakana mpaka hakuna cha kufagia. Mwosha magari ameleta bango lake, ameliegemeza ukutani kwa nje, eti lipo tu.

Andika hata neno moja. Hata la hasira.

Mkeo,
Mama watoto


Alhamisi, 28 Machi

Kwako mama watoto,

Salamu nilizizuia wiki nzima, ndiyo maana leo zimefurika. Mimi ni mzima kuliko nilivyoondoka. Wewe na genge lako hamjambo?

Tuanze na hilo genge. Miaka yote hiyo! Mpaka mjukuu! Niliisoma barua yako nikadhani kusoma kumenipotea. Nikampa mwenye nyumba anisomee. Akafika pale pa "mafundi wanajua", akaishiwa pumzi kwa kicheko, akaigeuza ile ndoo yake na kuikalia. Siku hiyo nilijifungia chumbani mpaka usiku.

Kesho yake nikasema, huyu mke wangu nitamkamata kwa uongo wake. Nikatoka bila kikopo. Nikaenda kwa mama wa kwanza anayepika kando ya barabara, nikaagiza maharage, nikafunga mikono nyuma kama mtu aliyekamatwa, nikainamisha kichwa, nikamwambia anilishe kijiko kimoja. Nikaonja. Yalikuwa sawa. Nikasema, huyu kabahatisha. Nikaenda kwa wa pili, supu. Sawa. Wa tatu, ndizi zilizochomwa ndani ya majani. Sawa! Nikapita barabara nzima nikitafuta kosa. Nilipofika sokoni nilikuwa nimeshasahau kupima, nakula tu. Siku ya pili wakaanza kunigombania, "Mzee wa Mikono Nyuma, njoo huku! Huyo wa jana hajui kupika!" Mwambie mwanangu kile cheupe kinachoteleza kinafanana na kumeza ubaridi wa mtungi. Na yale majani, uchungu wake unakuja mwisho, kama mgeni anayebisha hodi wakati mmeshafunga mlango. Nimekula vyakula ambavyo hata majina yake sijui, na bado sijauliza.

Sifa zangu zikamfikia Mama Majiko. Akatuma mtu, "Aje. Mfuko asije nao."

Nikaenda juzi. Wapishi wote wamejazana dirishani. Sahani mbele yangu, na kando yake wameniwekea bakuli la chumvi limejaa pomoni, kijiko juu. Mtego mtupu. Nikaikalia mikono yote miwili. Mama Majiko akauliza, "Sasa mzee, utakula kwa mkono gani?" Nikautoa wa kulia. Wa kushoto ukabaki kifungoni.

Nikaonja. Nikaonja tena. Mama watoto, ulimi wangu ulikuwa umetoka kusoma barabara nzima, haudanganyiki. Kile chakula hakikuwa na chumvi hata punje.

Karatasi za kazi ziko kando ya jagi. Domo ananikonyeza, sifia mzee, sifia! Nikaendelea kula polepole, mpaka nusu ya sahani. Mama Majiko akasema, "Haya. Kikoje?"

Ungekuwa wewe ungesema nini? Kichwani nikaliona bango la mwosha magari. Nikawaona mafundi. Lakini mdomo huu nimezaliwa nao. Nikasema, "Mama, nimeonja mara mbili. Kimeiva, samaki hajavunjika, moto wake ulikuwa wa taratibu. Ila hakina chumvi."

Dirishani mtu akaangusha mwiko.

Akanikazia macho mpaka Domo akaanza kutafuta mlango. Kisha akachovya kidole, akalamba. Akageuka. "Nani katia chumvi humu?"

"Mimi nilidhani wewe."

"Mimi? Mimi nilikuwa natazama mikono ya mzee!"

"Wote tulikuwa tunatazama mikono ya mzee!"

Mama Majiko alicheka mpaka kilemba kikamtoka. Alipopata pumzi akaniuliza, "Sasa kama hakina chumvi, mbona umekila mpaka nusu?"

Nikamwambia, "Kwa sababu nimekijua. Hiki ni chakula cha mke wangu."

Ndivyo ilivyo. Kumbe chini ya chumvi yangu ya kila siku kulikuwa na hiki. Kitunguu kile kile kilichoachwa kikalainika, moto ule ule usio na papara. Nimekila tangu tulipooana na nimekuja kukisikia nchi ya watu. Macho yalinijaa maji, nikasingizia pilipili. Domo amekula kiapo kwamba pilipili haikuwemo. Usimsikilize.

Alisaini pale pale, mchuzi ungali kidoleni, karatasi imepigwa chapa ya samaki. Sufuria mia tatu na mifuniko. Akasema, "Fundi anayeniambia kasoro baada ya kuonja, huyo ndiye ninayemtaka." Mwambie mkwe awashe tanuru. Mafundi wakusanye vyuma chakavu vya kuyeyusha. Na lile bango la mwosha magari, kama ni la alumini, mwambie asijisumbue kuliondoa.

Domo akishakuletea barua hii, nakuja na lori safari yake inayofuata. Nakuletea kile cheupe na yale majani. Ukivipika usitie chumvi kabla hujaonja. Hii ni njia ya kula niliyoigundua mwenyewe huku, watu wananiiga barabarani.

Kikopo nimempa mwenye nyumba, anawekea viberiti. Nikifika usinipakulie kwanza. Nipakulie pamoja na wengine, kwenye chumvi ya watu.

Lakini siku mojamoja, tukiwa wawili tu, nipikie kile cha kwangu, kile kitupu. Mikono nitaikalia mwenyewe.

Mumeo,
Mzee wa Mikono Nyuma