Msiningoje, Mpelekeni Shamsa

Jumanne, Kisumu. Mvua imekatika kabla ya adhuhuri na mabati bado yanadondosha. Huu ni mwaka wa arobaini na sita tangu nilipovuka mpaka wa Malaba kwa miguu, nikikimbia, nikiwa na begi moja na viatu vya kazini. Miezi nimeacha kuihesabu.

Nimeamka na kazi moja tu: kumpigia simu dada yangu Hadija, aliyeko Mbale, nimwambie jambo nililolikwepa tangu sote wawili tukiwa vijana.

Ni kwa ajili ya Shamsa. Ana miaka minane, binti wa Musa, na Musa ni mtoto wa Hadija. Wanakaa Mpumudde, Jinja, hatua chache kutoka chumba nilichopanga nilipokuwa fundi wa maabara. Likizo iliyopita mtoto alipelekwa kwa bibi yake Mbale, na huko Hadija akaona uvimbe kwenye shavu la mguu wa kulia. Mtoto anaruka kamba mchana kutwa. Nani asingedhani ameanguka? Akaukanda. Samli ya moto na kitambaa, kila jioni kwa wiki mbili, kama mama yetu alivyotukanda sisi.

Uvimbe haukushuka.

Mtoto akabaki kwa bibi yake; hospitali ya huko wakakata kipande kidogo, wakakipima. Musa akanitumia picha ya majibu kwenye simu. Nilivaa miwani, nikasoma mara moja, nikaivua. Ni saratani ya misuli, ile inayowapata watoto.

Nilistaafu zamani, lakini kusoma sijaacha, na wiki hizi nimesoma mpaka macho yakauma. Kila seli ya mwili huishi kwa kuambiwa. Juu ya utando wake kuna vipokezi; mimi huviita masikio. Ujumbe ukigusa hapo, hupokezanwa kuelekea ndani, protini moja ikiiamsha nyingine, hadi kwenye kiini, na humo ndimo inamoamuliwa: gawanyika, tulia, komaa uwe msuli. Seli hizi za Shamsa zilikuwa njiani kuwa msuli. Zikabaki utotoni. Amri ya kugawanyika zinaisikia hata pale ambapo hakuna aliyeitoa, na amri ya kutulia haiziingii.

Kinachonitisha zaidi ni kusafiri kwa seli hizi. Uboho wa mifupa hutoa kemikali ya kuziita seli changa za damu zirudi kwao, nazo hurudi. Ni wito mwema, unatokea mwilini mwa kila mtu. Lakini baadhi ya seli za saratani hii huwa na kipokezi cha wito huo huo, nazo huufuata. Upo ujumbe mwingine, unaosaidia jeraha kufunga na viungo vya mtoto aliye tumboni kujijenga. Huo huzilegeza seli za saratani zikaachana na jirani zao, zikaanza kutambaa. Nimetafuta kitu kigeni humo, kitu cha kukichukia, sikukiona. Ni maneno yale yale yanayomkuza mtoto, yamesikiwa mahali pasipotakiwa.

Mapafu ya Shamsa bado ni safi. Picha imeonyesha hivyo. Mtu aliyefanya kazi maabara hulisoma neno "bado" polepole.

Sasa ungamo langu.

Katika nyumba ya baba yetu, tangu enzi za babu aliyekuja na jeshi kutoka Sudani, mtoto hapelekwi kwenye matibabu makubwa kabla mkubwa wa ukoo hajaketi mkekani, akamshika kichwa, akasoma Fatiha, akasema: nendeni. Mkubwa ni mimi. Waliokuwa mbele yangu wote wamekwisha kufa. Na mimi, wiki tatu zilizopita, nilisema kwa kinywa changu: "Msifanye kitu. Nakuja."

Nimelisema neno hilo kila mwaka. Nakuja baada ya Ramadhani. Nakuja mvua zikipungua. Nakuja jicho likipona. Walikuwa wakinijibu inshallah na kucheka kwa upendo, kisha tunaongea mengine.

Safari hii waliniamini.

Shamsa alikuwa na nafasi ya kuanza dawa Kampala wiki iliyopita. Wakaiacha ipite, wananingoja mimi. Wamepewa nyingine, Alhamisi hii.

Jana nilikwenda stendi. Basi lilikuwepo, siti zilikuwepo, nami nilikuwa nimevaa kanzu safi. Nikasimama pembeni mpaka konda akachoka kuniangalia. "Mzee, unasafiri ama unasindikiza?" Nikamjibu kwamba nasindikiza. Nikarudi nyumbani.

Siogopi kuuawa. Hofu hiyo, ya mwaka ule serikali ilipoanguka na sisi wenye asili ya Sudani tukawindwa, ilikwisha zamani, na watu wetu wengi walirudi, wanafanya biashara zao mjini. Lakini milango ya nyumba ya baba, karibu na maghala ya Industrial, mtaa wa viwanda kule Mbale, ilibebwa na watu waliokuwa wakila Idi kwetu. Naogopa kusalimiwa vizuri. Naogopa kukaribishwa chai, nikaketi, nikautambua mlango. Ni woga mdogo wa mzee mmoja, na umekwisha kula wiki tatu za mtoto.

Saa nane nikapiga simu.

"Hadija, siji."

"Hutakuja kesho?"

"Siji kabisa."

Nikasikia kuku wake uani. "Kumbe miaka yote hii ulikuwa nadanganya mimi?"

"Nilikuwa najidanganya mwenyewe, dada. Wewe ukasikia."

"Sasa nani atakaa kwa mkeka?"

"Wewe."

"Mimi mwanamke, kaka! Wazee watasema nini?"

"Waambie mkubwa amesema. Kisha waulize, nani kati yao ameshika mguu wa mtoto huyu kila jioni, wiki mbili."

Akacheka, kicheko chake kile cha puani. Kisha sauti ikashuka. "Kaka. Ni mimi nasambaza hii kitu? Na hii mikono yangu?"

Nilikuwa nimejiandaa kueleza vipokezi na protini. Nikaviacha. Nikamwambia asiukande tena, lakini ugonjwa haukutoka mikononi mwake. Seli zile zinapokea maneno kutoka ndani ya mwili wenyewe, na hakuna samli inayofika huko. Nikamwambia pia kwamba dawa za Kampala zitamnyonyoa mtoto nywele na kumtapisha, na kwamba ataziendea kwa muda mrefu, na kwamba watoto wengi hupona ugonjwa ukikutwa haujatembea. Sikumwahidi. Nimeahidi vya kutosha.

"Alhamisi tunaenda," akasema. "Mimi mwenyewe natasoma Fatiha, wenye watakasirika wakasirike."

Akampa Shamsa simu. Ananiita jajja, kama watoto wa Jinja wanavyowaita babu zao.

"Jajja, Swahili yako ni kama ya redio."

"Na yako je?"

"Yangu ni ya watu. Unakuja lini? Bibi alisema unaleta mkono yako hapa kwa kichwa yangu."

Ningeweza kusema kesho. Neno lilikuwa mdomoni, tayari, limelainika kwa kutumika.

"Siji, Shamsa. Bibi ataweka mkono wake. Wewe nenda naye Alhamisi, usiningoje."

"Haya," akasema, bila kinyongo, na kumrudishia bibi yake simu.

Naandika haya hapa mahali pa watu wote, ili nisiweze kuyakana kesho. Wanasafiri keshokutwa alfajiri. Mimi sitarudi Mbale.