Majina ya Chini ya Skrini

Alhamisi, Mutuini

Na bado naiona skrini nikifumba macho. Majina yanapanda polepole, yakisogeleana kama kuku wanaotafuta nafasi ya kulala.

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Programu yetu ya foleni hapa ofisini, ile ya maandishi matupu inayoorodhesha wateja wanaosubiri, ilipima ukubwa wa dirisha lake kwenye skrini mara moja tu, ikifunguliwa. Madam Mwende, mkubwa wangu, akikuza herufi kwa sababu ya macho yake, mistari ya chini ilipotea, na wateja wa mwisho wakabaki kwenye benchi bila kuitwa. Lawama zilinijia mimi, na bado niko kwenye majaribio ya kazi.

Jana niliirekebisha bila ruhusa. Sasa inapima upya kila dirisha linapobadilika, na ukibonyeza mshale majina yanapanda hadi la mwisho.

Leo akakuza herufi, akabonyeza. Akaita jina la mwisho kabisa, na nyanya mmoja akainuka kwenye benchi kama aliyeitwa kutoka usingizini.

"Nani ameguza hii kitu?" Madam akauliza.

Nilishaona barua ya kufukuzwa...

"Ni mimi, Madam."

Akatazama mlangoni, kisha akanong'ona, "Ongeza tena herufi kidogo. Hata hapo majina nilikuwa nakisia tu. Na wewe hapa hutoki, umeskia?"

Nikaongeza, hadi jina moja likakaribia kujaza skrini nzima. Akalisoma taratibu, akitabasamu, bila kuinamia skrini kama siku zote.