Hawakuuliza Saksafoni Gani

Kaka Lutengano,

Kamwene. Ni mimi, Sikudhani, mdogo wako. Kesi yako imeisha juzi kule Mbeya, na sikutaka upewe habari na mtu mwingine kabla yangu.

Mama yupo. Bado anauza nyanya hapa Ilula, ila hakimbilii tena mabasi. Anakaa na ndoo zake, anayetaka ashuke. Lile shati lako la harusi tumelichoma. Damu ilikuwa imeligandia mpaka likasimama lenyewe.

Nimewasimulia polisi, nimemsimulia wakili, nimemsimulia mchungaji. Wewe sijakusimulia, na hukuona yote. Ulikuwa chini.

Ilikuwa Jumapili asubuhi, Makongolosi. Tulikuwa tumeshapiga muziki harusini jana yake, tunasubiri gari la kurudi Mbeya. Ukanituma maji. Kumbe siku mbili kabla, saksafoni ya baa moja pale mjini, alto, ilikuwa imepotea, ile anayoipiga Yona. Yona wetu, uliyemfundisha kwenye bendi ya kanisa hapa hapa Ilula, ukimshika kidole kimoja kimoja. Mwenye baa alishamwambia asipoirudisha atavunjwa miguu. Yona akakuona umekaa na sanduku lako, akakunyooshea kidole mbele ya watu waliokuwa wakiitafuta.

"Huyo hapo. Anayo."

Maneno matatu, kaka.

Niliporudi ulikuwa umeshazungukwa. Mmoja alikupiga magotini kwa mpini wa sululu. Ulipoanguka ulilikumbatia sanduku, wakakukanyaga vidole mpaka ukaliachia. Nilikusikia ukiwaambia, "Hii ni tenor. Fungueni muone, jamani, hii ni tenor." Wakafungua. Wakaona kitu cha kung'aa, kikawatosha. Mmoja akaishika tenor yako shingoni akakupiga nayo kichwani, akarudia, akarudia. Nilisikia bati na mfupa vikilia pamoja. Nilimng'ata mtu mkono mpaka nikapata nyama mdomoni, nikatupwa mtaroni. Yona alikuwa amesimama pembeni, mikono mfukoni.

Walipotawanyika nilikushika kichwa. Kililegea upande mmoja kama papai lililooza. Alto yangu ilikuwa mgongoni mwangu muda wote, kwenye begi. Wao walikuwa wanatafuta alto. Hakuna aliyelitazama begi langu. Hakuna aliyeuliza ni saksafoni gani iliyoibwa.

Mahakamani tenor yako ililetwa kama kielelezo, imepinda, damu imekaukia kwenye vibonyezo. Jaji akaniambia, "Shahidi, mimi nimesomea sheria, sikusomea muziki. Nionyeshe tofauti."

Nikamweleza kama ulivyonieleza nikiwa darasa la sita. Soprano imenyooka, asiyejua huiita filimbi kubwa. Alto inakaa mbele ya tumbo, na shingo yake imekunjwa mara moja tu. Tenor ni ndefu, inaning'inia ubavuni, shingo yake ina nundu. Baritoni bomba lake limejisokota juu kama utumbo, na mtu mfupi akiibeba inambeba yeye. Vidole ni vilevile kwa zote, ndiyo maana wewe ulizipiga zote. Kisha nikaitoa alto yangu nikailaza kando ya tenor yako. Jaji akainuka kitini kuangalia. Nikasema, "Mheshimiwa, mpigaji hawezi kuzichanganya hizi. Ni sawa na mfugaji wa Usangu aseme alidhani ng'ombe ni mbuzi."

Yona alipopanda kujitetea alishindwa kuniangalia. Wakili wa serikali alimuuliza swali moja tu, kama aliitambua saksafoni iliyokuwa sandukuni. Akasema ndiyo, aliijua ni tenor, tena aliijua ni yako. Alto ya baa alikuwa ameiuza yeye mwenyewe. Aliogopa kuvunjwa miguu.

Sasa nikwambie jambo ambalo mama hataki lisemwe. Wakati wa mapumziko walimpitisha Yona kwenye veranda, amefungwa pingu. Nilimpiga usoni kwa begi la alto, na alto ikiwa ndani. Nikampiga tena. Nilikuwa nimeinua mara ya tatu askari aliponidaka. Nilifurahi, kaka. Siwezi kukudanganya wewe. Nilifurahi mpaka nilipomwona mama yake amepiga magoti sakafuni, anaokota jino la mwanawe, analifunga kwenye pindo la khanga.

Waliniweka ndani siku mbili. Mama alipokuja kunichukua hakunipa pole. Aliitazama mikono yangu, akasema, "Mmoja wameniulia. Huyu mwingine anajifunza kuua."

Hukumu imesomwa. Wote watatu, Yona na wale wawili walioonekana wakikupiga, wanyongwe. Ndugu zetu walipiga vigelegele nje. Mimi sikupiga.

Tenor yako tumerudishiwa. Fundi wa Iringa mjini ameigeuza geuza, akasema akiinyoosha itapasuka. Nimemwambia aiache ilivyo. Bendi imempa mtu mwingine kiti chako, anapiga vizuri, namchukia bila sababu.

Sijamsamehe Yona. Usinisubiri kwenye hilo, naweza kuchelewa sana. Ninachoweza kukuahidi ni mikono yangu. Haitampiga mtu tena, hata nikiachwa peke yangu na wale watatu chumba kimoja.

Kesho asubuhi mama yake Yona anakwenda Mbeya kumwona mwanawe gerezani. Miguu inamsumbua, na watu hapa wameacha kumsalimia. Nimemwambia mama nitambebea mama Yona mzigo mpaka barabarani. Sina la kumwambia njiani. Nitabeba tu.

Lala, kaka yangu.

Sikudhani