Jina la Mfaransa Silitaki kwa Mwanangu

Jumapili, Kisumu. Joto la kunata, na ziwa halileti hata upepo wa kudanganya.

Nimechefuka. Si mimba, mtoto ameshazaliwa. Yuko hapa begani anacheua. Kilichonichefua ni mwanasoka mstaafu wa Ufaransa.

Mume wangu anampenda huyo mtu kuliko wajomba zake mwenyewe. Anaijua safari yake yote ya uwanjani: klabu ya mtaani kwao, Uingereza, timu ya taifa, mabao ya kichwa, hadi machozi ya siku ya kuaga. Mtoto alipozaliwa akaanza kumwita kwa jina la huyo Mfaransa. Nikamwacha. Mtaa wetu huu wa Kondele umejaa watoto wenye majina ya wachezaji na hakuna aliyedhurika.

Leo mchana kaka yangu, Okoth, alikuja kutoka mtaa wa Obunga kumwona mtoto. Okoth alikuwa winga, tena winga kweli, mpaka beki mmoja alipomvunja goti kwenye mechi ya mtaa. Sasa anatembea akiuburuta mguu.

Tulikuwa tunakula, Mfaransa anahojiwa kwenye runinga. Akaulizwa kuhusu kijana ambaye yeye alimkanyaga na kumvunja zamani, na ambaye hakucheza tena. Akasema alikusudia. Kocha alimwambia amwondoe uwanjani, naye akamwondoa. Halafu akacheka.

Mume wangu naye akacheka.

Nikaisukuma kando sahani yangu ya samaki.

Okoth alinawa mikono taratibu, kisha akamuuliza, "Shemeji, na huyo mwenye alivunjwa, jina yake ni nani?"

Mume wangu, anayekumbuka hata rangi ya viatu vya fainali, hakujua. Akasema huyo hakuwa mchezaji wa maana. Alisema hivyo mbele ya Okoth, ndani ya nyumba yangu, mdomo umejaa ugali. Nilimwonea kinyaa mwanamume niliyezaa naye, na hata ninapoandika hapa hakijanitoka.

Kesho mama mkwe anakuja kumpa mtoto jina kwa desturi yetu: mtoto akilia, majina ya marehemu wa ukoo yanatajwa moja moja, na lile atakalolinyamazia ndilo lake. Mume wangu ameshaapa kulichomeka jina la Mfaransa wake katikati.

Najua aliye hai hatajwi pale. Mimi nitamtaja Okoth, kwa sauti, kabla mume wangu hajafungua mdomo.

Mtoto asiponyamaza, na alie.