Eti Ana Sukari

Jumatatu, 4 Machi

Mkwe wangu amenichosha. Leo nimepita saluni kwa binti yangu, nikakuta wateja wanampa pole. Pole ya nini? Pole ya sukari. Eti ana sukari, ndiyo maana mikono inamtetemeka anaposuka. Nani kasema? Mumewe. Yule Bwana Tai, tai shingoni hata akienda kununua vocha. Anaona afadhali mkewe awe na ugonjwa wa heshima.

Binti yangu analewa. Basi, nimeandika. Humu hasomi mtu ila mimi, na mimi shule sikupelekwa, herufi nilizifukuzia ukubwani. Sina za kupotezea kwenye uongo.

Mteja mmoja kajitazama kwenye kioo, kauliza: dada, hii njia ya nywele mbona imekata kona, inakwepa askari? Wakacheka wote. Binti yangu naye kacheka. Macho hayakucheka.

Jumatano, 6 Machi

Chupa ya shampuu ya rafu ya juu. Ile ambayo hakuna mteja anayeoshwa nayo. Nimeifungua, nimenusa — pombe kali tupu, ingewasha jiko.

Nikamuuliza, unamwosha nani na hii? Akasema, Mama niache. Nikuache wapi, nilikuzaa ili nikuache? Akakaa kwenye kiti cha wateja akalia mpaka kwikwi. Halafu akasema anaacha. Leo hii hii, si kesho. Akaimimina mwenyewe kwenye sinki. Nilimkumbatia nusura nimvunje mbavu.

Tai alipoambiwa kasema vizuri, basi yameisha, na mtu asijue. Yameisha, kama bomba limefungwa.

Ijumaa, 8 Machi

Hayakuisha.

Tangu jana jioni binti yangu analowa jasho, anatetemeka na kitanda chake, anafukuza wadudu ukutani ambao hawapo. Chakula hataki hata kukisikia. Nikaenda jikoni kumpikia uji. Huku nyuma akaingia jirani, yule muuza mkaa, kumjulia hali. Huyu sukari anayo ya kweli, ana miaka nayo. Kaona jasho, kaona mtetemeko, kasema hii imepanda, naijua mimi. Akatoa vidonge vyake mwenyewe akamnywesha. Viwili, kwa huruma.

Nimerudi na uji, mwanangu haitiki.

Zahanati tumefika sijui vipi. Daktari kamchoma kidole, kaangalia kile kimashine, kageuka na hasira. Nani kampa huyu dawa ya sukari? Hana sukari huyu! Hata ile kidogo ya kumuweka hai mmeiteremsha. Jirani akaketi sakafuni na kanga yake mdomoni. Maskini, alifuata alichoambiwa ni kweli.

Wakamtundikia dripu. Daktari akamuuliza Tai, mkeo anatumia nini? Tai akasema: ni uchovu wa kazi, daktari.

Nikasema pombe. Kila siku, miaka sasa, na juzi kaacha ghafla. Nimesema kwa sauti ya sokoni, foleni nzima ikasikia. Wakisikia watafanya nini? Wataenda kwao kulala.

Jumamosi, 9 Machi

Kafumbua macho. Swali la kwanza: Mama, saluni nimefunga? Umefunga, lala.

Jumanne, 12 Machi

Daktari kanikalisha chini. Kumbe mtu aliyezoea kunywa kila siku haachishwi nyumbani hivi hivi. Mwili unaweza kumpiga degedege akafa. Anatulizwa kwa dawa, anaangaliwa, hiyo ndiyo hatua ya kwanza tu. Na mimi nilikuwa nashangilia sinki!

Baada ya hapo kuna kituo cha kuachisha pombe. Anakaa huko, anaongea na washauri, anakaa na wenzake waliopita njia hiyo. Na familia inaitwa, inakaa nao kwenye duara, kila mtu anasema yake.

Hapo kwenye duara ndipo Tai alipopauka. Kanivuta pembeni kwa adabu zake zote: Mama, ofisini watanionaje? Nikamwambia, baba, na ukiwa mfiwa watakuonaje?

Jirani kaja kuomba radhi, analia. Nimemwambia afute machozi hapo, hana kosa la kuniomba mimi radhi. Anangoja neno kwa Tai. Tai kajifanya anapokea simu.

Jioni binti yangu katoa sharti. Ataenda kituoni. Lakini mumewe ndiye ampeleke, mchana, mlango wa mbele, na aseme kwa mdomo wake amemleta kutibiwa nini. Akisema sukari narudi naye nyumbani, na nikirudi nitakunywa, Mama, najijua. Hakulia. Kasema kama anayetaja bei ya kusuka.

Nilitaka kumchapa. Nikamsugua miguu.

Alhamisi, 14 Machi

Naandika kwenye benchi la mlinzi wa kituo, mfuko wa nguo za mwanangu mapajani.

Tai kaendesha njia nzima bila neno. Tumefika, kapaki ng'ambo ya barabara nyuma ya lori, ili gari lisionekane. Halafu kauliza, hivi hawana mlango wa nyuma? Binti yangu alikuwa ameshafungua mkanda. Akaufunga tena. Ule mlio wake, tki.

Nikashuka na mfuko nikavuka peke yangu. Mlinzi kauliza, bibi, mnamleta nani na ana shida gani? Nikamwambia ngoja, mwenyewe anakuja kusema. Mwenyewe yupi, hata mimi sijui.

Toka hapa benchini lori haliwafichi, nawaona kwenye gari. Wanaongea. Sasa hawaongei.

Tai kashuka. Peke yake. Anavuka, anatazama kibao cha geti kama kitamng'ata. Anapita mbele yangu hanioni. Mlinzi anamuuliza lile lile aliloniuliza mimi. Mdomo umefunguka, bado hautoi kitu.

Huko garini mwanangu anateremsha kioo, asikie.