Rangi Chini ya Bolti

4 Machi

Binti yangu,

Salaam. Sisi wazima, mgongo tu ndio unanisumbua. Kifua chako kimepona?

Pikipiki yangu imefika, na rangi yake, nisiseme uongo, inapendeza. Lakini umenirudishia kichaa! Nikikanyaga breki, taa ya mbele inafifia. Nikipiga honi, injini inazima. Jana imenizimikia katikati ya njia, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilikwambia kazi ya gereji si yako, ukaziba masikio. Jumamosi naiuza vyuma chakavu.

Baba yako

11 Machi

Baba,

Shikamoo. Kifua kimepona, sasa inayoniuma ni roho. Pikipiki yako ilikuwa kutu tupu. Nimeisugua kwa mikono hii mpaka kucha zimekwisha, leo unataka kuitupa kwa sababu watu wamecheka? Nimeudhika, tena sana.

Ugonjwa wake ni mdogo. Niliipaka rangi fremu nzima, hata pale unapofungwa waya wa ethi. Umeme unarudi kwenye betri kwa kupitia chuma, na rangi inauzibia njia. Chini ya tangi kuna bolti inayoshika waya huo, ule mweusi. Ifungue, kwangua rangi mpaka chuma king'ae, kaza tena. Basi.

Binti yako

20 Machi

Binti yangu,

Salaam. Mgongo haujambo. Nimefungua, nimekaza, na mambo ni yaleyale! Sasa nani hajui kazi?

Kukwangua sikukwangua. Rangi ile nimeionyesha mtaa mzima, leo nichukue bisibisi niichubue? Nimeweka kipande cha mpira wa tyubu chini ya bolti, isije ikakwaruzika.

Baba yako

27 Machi

Baba,

Shikamoo. Mpira! Nimepiga kelele mpaka wenzangu gerejini wamekuja mbio. Baba, mpira ndio haupitishi umeme kabisa! Rangi niliipaka mimi, na mimi ndiye ninayesema kwangua. Pale hapaonekani, tangi linafunika. Kama hutaki kuniamini hata hilo, iuze, na habari za pikipiki usiniandikie tena.

Binti yako

2 Mei

Binti yangu,

Salaam. Najua umenuna. Na mimi nilinuna, ndiyo maana ya kimya hiki. Haya, mpira nimeutoa, nimekwangua huku nimefumba jicho moja. Taa haififii tena, na honi naipiga nitakavyo.

Lakini jana nimekasirika upya. Nilimpakia shemeji yangu, tunatoka sokoni, njia nzima anaisifu pikipiki. Mara akaniuliza ni bwana gani aliyemfanyia binti yangu kazi nzuri hivi. Nikamwambia, "Kaifanya mwenyewe." Akasema, "Acha utani, shemeji, mwanamke?"

Nilisimamisha pikipiki. Nikamshusha palepale, na magunia yake mawili. Nasikia alifika kwake giza limeshaingia.

Baba yako