Rangi Mbichi Koridoni

Jumatatu, 3 Juni

Niwie radhi, daftari langu. Miezi imepita sijakugusa. Nimekukuta chini ya rundo la magazeti, umepinda mgongo kama mimi. Sina udhuru wa maana. Siku zilifanana, na asiye na jambo la kuamua hana la kuandika. Sasa ninalo.

Tunauza nyumba. Nimeliandika — basi limekuwa kweli.

Sababu ni paa. Linavuja kila pembe, na pensheni yangu haitoshi kuliziba, sembuse kulibadilisha. Binti yetu ametutafutia nyumba ndogo ya vyumba viwili katika mji wake, mtaa mmoja na kwake. Anasema, "Baba, mmezeeka, njooni karibu." Nilimjibu kwamba kuzeeka si kosa la jinai. Lakini nimekubali. Mama yake akasema tu, "Sawa." Sawa moja kavu, kama kuni.

Jumatano, 5 Juni

Dalali amekuja. Mtu mnene, mwepesi wa miguu, shati la maua. Kila sentensi yake huanza na "usijali", kwa hiyo nimempa jina la Bwana Usijali. Akasema pia kwamba nyumba kama hii "inauzikaga haraka". Nilikunywa maji nisije nikamsahihisha.

Masharti yake: mnunuzi hununua kwa macho. Kwa hiyo rangi mpya ndani. Kochi kubwa litoke sebuleni. Kabati la koridoni litoke. Stuli ya mlangoni mwa jikoni itoke. "Nafasi, mzee! Watu wanataka nafasi!"

Nikamweleza kwamba fedha ya fundi hakuna.

"Usijali, mzee. Utapaka mwenyewe. Si ulishika chaki maisha yako yote? Rola ni chaki nene tu."

Mke wangu alicheka hadi akashika ubavu. Mimi sikuona cha kuchekesha. Sasa ninapoandika nakiona kidogo.

Ijumaa, 7 Juni

Dukani nimepata rangi ya bei ya kutupa: makopo ambayo wateja waliagiza kisha wakabadili nia. Yapo ya rangi ya maziwa na ya rangi ya majani makavu. Muuzaji akanipakia tone la kila moja kwenye kipande cha boksi nikamwonyeshe mwenye nyumba — yaani mke wangu. Hata wauza rangi wanajua.

Akakishika kile kipande, akakigeuza, akanirudishia. "Wewe unaipenda ipi?"

"Ya maziwa."

"Basi hata mimi."

Tangu tuoane hatujapata kukubaliana kuhusu rangi ya kitu chochote, hata ya kikombe. Nilisimama na boksi langu mkononi nikidhani nimeshinda.

Jumamosi, 8 Juni

Jirani alinisaidia kutoa vyombo. Kochi, kabati na stuli viko bandani. Sebule imekuwa kubwa kama darasa wakati wa likizo.

Mke wangu amejigonga kutwa. Sijui ana haraka ya nini. Mlangoni mwa jikoni alinyoosha mkono pale palipokuwa na stuli, akakuta hewa, akasimama.

"Unatafuta nini?"

"Stuli yangu."

"Iko bandani. Nilikwambia."

"Najua iko bandani. Mkono wangu ndio haujui."

Nikacheka. Nilidhani ni mzaha wake wa kawaida.

Jumapili, 9 Juni

Nimepiga msasa kuta za koridoni. Vumbi hadi ndani ya masikio!

Kuna mstari mweusi ukutani, usawa wa kiuno, laini kama umepakwa nta. Unaanzia mlangoni mwa chumba chetu unafika jikoni, na tawi lake jingine linakwenda bafuni. Uchafu wa vidole. Niliwalaumu wajukuu kwa sauti, ingawa mara ya mwisho walikuja wakati wa mvua. Mke wangu alikuwa jikoni anachambua mchele. Hakuwatetea, naye huwatetea hata wakivunja sahani.

Nimeusugua wote. Ukuta sasa ni mtupu kama ubao uliofutwa.

Jumatatu, 10 Juni

Sitaisahau siku hii.

Nilipaka koridoni asubuhi. Si kazi ya fundi, lakini ni safi. Kisha nikakata boksi nikaandika kwa herufi kubwa, za kunyooka, zile nilizokuwa nikiandika ubaoni siku ya kwanza ya muhula: RANGI MBICHI. USIGUSE. Nikakitundika kibao usawa wa macho katikati ya ukuta. Nikatoka nje kuosha rola.

Niliporudi nilimkuta mke wangu amefika jikoni. Ukutani kulikuwa na michirizi ya vidole vinne, mirefu, imetoka mlangoni mwa chumba, imepita chini ya kibao changu — chini yake kabisa! — imeendelea hadi mwisho. Kiganja chake cheupe. Gauni limepakwa. Hata kijiko cha mti kilikuwa na rangi.

Nikafoka. Nikasema kibao kimeandikwa kwa herufi anazoweza kuzisoma mtu aliye ng'ambo ya barabara. Nikauliza kama nijaze na picha.

"Nimesahau," akasema.

"Umesahau, na umekipita hivi hivi?"

"Nimesahau, Mwalimu. Nipe kitambaa."

Ndipo nikaiangalia tena ile michirizi. Usawa wa kiuno. Mahali pale pale palipokuwa na ule mstari niliousugua jana.

"Kibao kinasemaje?"

"Kinasema umepaka rangi."

"Kisome."

Akageuza uso kuelekea kilipo — karibu na kilipo. "Mimi si mwanafunzi wako."

"Kisome, Mama."

Sufuria ilikuwa inachemka. Akapapasa, akaupata mfuniko, akaifunika vizuri kabisa. Kisha, kwa sauti ile ile anayotumia kuniambia chumvi imekwisha, akasema haoni kibao. Anaona mwanga wa dirisha. Na mimi nikisimama mbele yake, anaona kivuli kirefu kinachofoka.

Nilikaa sakafuni. Stuli ilikuwa bandani.

Jumanne, 11 Juni

Tumezungumza asubuhi nzima. Chai ilipoa, tukaipasha, ikapoa tena.

Ni presha ya macho. Kuona kwake kulipungua kidogo kidogo, kama mshumaa unavyokwisha pasipo mtu kuutazama. Alikwenda kwa daktari siku zile aliponiaga kwamba anakwenda kumjulia hali shoga yake. Daktari alimwambia kilichopotea hakirudi. Matone hulinda kilichobaki. Matone yenyewe yako kwenye mkebe wa majani ya chai, ule nisioufungua kwa kuwa kupika chai si kazi ninayoiweza.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungeniandikia ratiba."

Nikakana, kisha nikakiri kwamba, ndiyo, ningeiandika.

"Ungeniambia niketi," akasema. "Ungenishika mkono kwenda bafuni, ungenikatia nyama. Humu ndani sihitaji macho. Humu najua kila kitu kilipo. Niache nipike, nikugombeze, nikushinde."

Nikamwuliza kwa nini basi alisema "sawa" niliposema tuuze.

"Paa linavuja, Mwalimu. Sioni, lakini nalowa."

Alasiri nilikwenda bandani nikairudisha stuli. Nikairudisha na kabati, peke yangu, kwa kulisukuma kidogo kidogo kwa magoti. Kochi limenishinda. Mgongo unadai haki yake.

Alhamisi, 13 Juni

Bwana Usijali amepita kukagua. Amefurahi, ila kwa mambo mawili. Kabati limerudije? Na hii michirizi ya vidole koridoni? "Usijali, mzee, hapo utapitisha rola mara moja tu."

"Hapo pamekwisha."

"Lakini mzee, panaonekana kama..."

"Nimesema pamekwisha."

Rangi ilipokauka iliacha mgongo mdogo kila kidole kilipopita. Mke wangu aliugundua jana. Anasema ni bora kuliko ule mstari wa zamani, kwani ule ulikuwa wa kuteleza na huu una meno. Akapita koridoni harakaharaka, akarudi, akapita tena, kama msichana aliyenunuliwa viatu vipya.

Wanunuzi watakuja Jumamosi. Mume na mke. Mke wangu amesema yeye ndiye atakayewatembeza. Nikasema hapana. Akasema nyumba ni ya nani? Nikasema ni yetu. Akasema basi nusu yake ndiyo itakayowatembeza.

Jumamosi, 15 Juni

Walikuja. Wapole, waangalifu, wamevaa viatu vya kutembelea. Mke wangu aliwapokea mlangoni kwa gauni la bluu, akawasalimu wote wawili kwa kufuata sauti zao, na hapana aliyeshuku lolote.

Aliwatembeza vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Mlango huu hugoma wakati wa mvua, uusukume chini. Dirisha hili hupata jua la asubuhi — akasimama ndani ya lile jua, usoni, asikosee hata kidogo. Sinki hili hunung'unika, msiliogope. Yule mama akawa anamfuata kama kifaranga.

Kisha sebuleni, balaa! Bwana Usijali, kwa wema wake, alikuwa ameleta meza ndogo ya kioo na chombo cha maua ya plastiki, ameiweka katikati kabisa. Nikamwona mke wangu anaiendea moja kwa moja, mkono mmoja hewani anaeleza habari za dari. Kumshika mbele ya wageni ni kumvua nguo.

Nikapaza sauti ya darasani. "Na kama mnavyoona, KATIKATI ya sebule kuna meza ndogo. Ya KIOO. Iko hatua moja mbele ya Mama."

Wageni wakanitazama kama mtu aliyepungukiwa. Mke wangu akasimama, akageuka kushoto kwa madaha, asikatize sentensi. "Mume wangu anapenda sana kutaja vitu," akawaambia. "Msimshangae, ni mwalimu."

Nimefundisha miaka mingi. Sidhani kama niliwahi kusema jambo lenye manufaa zaidi.

Koridoni yule mama aliigusa ile michirizi. "Hii ni mapambo?"

"Ni ya kwetu," mke wangu akasema.

Jumapili, 16 Juni

Wameitaka. Kwa bei tuliyoitaja, bila kupunguza. Wanataka jibu kesho.

Nilimwambia mke wangu kwamba nimebadili nia. Tubaki. Nitatandaza maturubai juu ya paa, nitaweka ndoo. Kule hajui mlango uko upande gani. Atakuwa mtu wa kuketi, yule yule aliyekataa kuwa.

Akaniuliza kama nimemaliza.

"Niliingia kwenu nikiwa sikujui," akasema. "Hucheki, unasahihisha hata salamu, unalala na soksi. Nikakuzoea. Mtu aliyekuzoea wewe atashindwa na vyumba viwili?"

Nilitazama soksi zangu.

Binti kapiga simu. Mama yake akachukua simu akamweleza mwenyewe, yote. Kulikuwa na kilio upande wa pili. Upande huu alikuwa anasema, "Nyamaza, mwanangu. Niambie, kuta za huko ni za namna gani? Zina plasta? Nenda kaziguse uniambie."

Jumatatu, 17 Juni

Asubuhi nilijaribu. Nilifumba macho mlangoni mwa chumba, nikaweka vidole kwenye michirizi yake — vidole vyangu ni vinene, haviingii vyote — nikaanza kwenda. Nikagonga kabati kwa bega, nikasema neno ambalo sikuwahi kumruhusu mwanafunzi alitumie.

"Mwalimu!" kutoka jikoni. "Umelewa?"

"Najifunza."

Nikamsikia anacheka, anakuja, mkono wake ukiteleza ukutani. Ukafika kwenye wangu, ukakaa juu yake. "Usiubane ukuta. Hautakimbia. Uguse tu, kama mtu unayemwamini." Tukaenda hivyo hadi jikoni, mimi bado nimefumba macho. Nikaijua stuli kabla ya kuigusa.

Sasa nimeketi juu yake, naandika. Yeye yuko mlangoni na lile kopo la rangi; limebaki kiasi chini. Anataka tusilitupe. Anauliza kama linatosha ukuta mmoja wa huko, au kama litafaa kumalizia huu wa hapa. Nimemwambia linatosha ukuta mmoja tu.

Simu inalia mezani. Ni Bwana Usijali. Nimeangalia upande wa mke wangu, naye ameangalia upande wangu — karibu na nilipo. "Iache iite kidogo," anasema. "Kwanza nisomee ulichoandika."

Namsomea. Tukishakuwa na neno moja, la ndiyo au la hapana, nitarudi kuliandika hapa kwa herufi kubwa.